Jina Juu, Ruka Mstari

Wiki tatu zilizopita tulikuwa tumekaa kwenye viti vya kukodi nje ya nyumba ya Roselyne, hapa Sarang'ombe, Kibera, tukingoja basi la kwenda kumzika kwao ziwani. Mwanamume mwenye kipara na viatu visivyojua matope akainama mbele yangu, akaniita jina ambalo hakuna anayeniita tena. "Konso." Siku hizi mimi ni Mathe kwa mafundi wangu, Landilodi kwa wapangaji, na Mama Konsolata kanisani. Konso alikufa zamani, au ndivyo nilivyodhani. Nilimkazia macho bila adabu, maana umri wangu unaniruhusu, hadi alipocheka kupitia puani, na hapo chai niliyoshika ikanimwagikia mapajani. Wekesa! "Wewe si ulienda ng'ambo?" nikamuuliza. "Nilirudi kitambo, Mathe. Nikasikia Rose ametuacha." Akavuta kiti akaketi. Kati yetu sisi wawili na yule tuliyekuwa tunaenda kumzika kulikuwa na jambo moja tu, na sote watatu tulilijua.

Watoto wangu wanajua kwamba nilitoka shule darasa la tano, na wanajua kwamba leo nina karakana mbili za pampu za maji Kawangware. Hawajui katikati palikuwa na nini. Wanadhani nilikuwa mjanja tu. Sitaeleza nilizaliwa wapi na nani alinilea, hayo mtayasoma kwenye karatasi ya mazishi yangu. Nitaanza na chumba, kwa sababu maisha yangu yalianza na chumba.

Chumba kilikuwa Kawangware, upande wa kuelekea Riruta, katika ploti ambayo Injinia, mwajiri wangu, aliachiwa na baba yake. Vyumba vya mabati vilizunguka ua, kamba za nguo katikati, na pale kona palikuwa na nyumba moja ya mawe yenye mlango wa chuma. Ndani mlikuwa na kompyuta tatu zenye migongo mikubwa kama televisheni za zamani, harufu ya vumbi lililoungua, waya sakafuni kama matumbo ya mbuzi, na pipa la maji lenye pampu ndogo ya kujaribia. Mimi niliajiriwa kufagia, kupika chakula cha mchana na kufukuza kuku wa wapangaji wasije wakadonoa waya. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Asubuhi nilitoka Kibera kwa miguu, nikapita kituo cha Olympic, nikavuka barabara ya Ngong, na nilifika kabla kufuli haijafunguliwa. Jumatatu nilipika githeri. Jumanne ugali na sukuma. Siku Injinia akiwa na furaha alinituma mutura, ule utumbo uliojazwa nyama, kwa mtu aliyechoma langoni, tukaila moto kwa chumvi na pilipili, vidole vikiteleza hadi kwenye vibonyezo vya kompyuta. Nilikuwa nimeleta jiko langu mwenyewe la mafuta taa, kwa sababu lao lilijaza chumba moshi. Nalisema hilo makusudi. Hata nilipokuwa mfagiaji, nilikuwa mtu mwenye jiko lake.

Injinia alikuwa na wazo ambalo wenzake wa chuo walimcheka. Alitengeneza visanduku vya kuongoza pampu za maji, na alitaka fundi wa kawaida, mtu wa spana, aweze kuandika mwenyewe kile ambacho kisanduku kinapaswa kufanya, tena kwa Kiswahili. WASHA. ZIMA. SUBIRI. IKIWA TANKI LIMEJAA. Ili kisanduku kielewe maneno hayo lazima kuwe na programu ya katikati, inayoyasoma na kuyageuza kuwa amri za mashine. Hiyo waliiita kompaila, na kuiandika ilikuwa kazi ya Wekesa, kijana aliyemaliza chuo juzi tu, mwembamba, mwenye shati moja zuri alilolifua kila Jumapili. Siku moja nilikuwa nasonga ugali huku nimewapa mgongo, wao wakibishana.

"Floti ikikwama?" Injinia akauliza. Floti ni lile boya la ndani ya tanki linaloambia pampu maji yamefika wapi.

"Nimeandika hiyo."

"Tanki ikikauka?"

"Nimeandika, Injinia. Kila kitu iko."

Nikasema bila kugeuka, "Na stima ikipotea halafu irudi?"

Mwiko wangu tu ndio ulisikika.

"Stima ikirudi na tanki imejaa," nikaendelea, "hiyo kitu yenu itaangalia kwanza, ama itawasha kwanza?"

"Konso," Injinia akasema polepole, "wewe ulisomea wapi?"

"Kwa foleni ya maji," nikamjibu, na Wekesa akacheka kupitia puani.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuandika majaribio. Jaribio lilikuwa faili fupi: hali moja ya maji iliyoandikwa kwa lugha ya Injinia, na jibu linalotarajiwa. Mimi nilijua hali za maji kuliko wote wawili. Nilijua mabomba yanavyopigana na stima, nilijua watoto wanavyoning'inia kwenye kamba ya floti, nilijua matope yanavyoziba. Niliandika kwa vidole viwili baada ya kuosha sufuria. Wekesa alinionyesha kichwa cha faili. Mistari ya juu kabisa ilianza na mikwaju miwili, //, na mstari wa namna hiyo waliuita komenti. "Hizi ni za watu," aliniambia. "Kompaila ikiona mikwaju mbili inapita tu, kama haijaona kitu." Lakini kulikuwa na programu ya pili, ile ya kusahihisha majaribio, ambayo Wekesa aliibatiza Mwalimu. Mwalimu alichukua faili mojamoja, akasoma komenti za juu, na hapo ndipo alipojua afanye nini na karatasi hiyo. Akikuta // ENDESHA, aliipitisha kwa kompaila kisha akaiendesha kweli. Akikuta chini yake // TARAJIA ZIMA, alingoja pampu ya kuigiza izime, na isipozima aliandika jina la faili kwa rangi nyekundu. Asipokuta maagizo yoyote alichukua njia ya mkato: aliangalia tu kama kompaila inaweza kusoma maandishi bila kulalamika, akaweka tiki ya kijani, akaenda zake. "Hizo laini mbili usiguse," Wekesa akasema. Sikuzigusa. Naapa hadi leo, sikugusa hata herufi moja.

Kufikia katikati ya mwaka nilikuwa na majaribio zaidi ya mia mbili. Wageni wakaanza kuja kuona. Siku moja walikuja watu watatu wa mradi wa maji, wakakaa kwenye viti nilivyopanguza, na mmoja wao akaona ile faili ya arobaini na moja, ile ya stima kurudi. "Hii ni akili," akasema. "Nani aliandika?" Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, trei ya chai mkononi. Injinia akajibu, "Vijana wangu." Hakuwa na ubaya, alikuwa na haraka tu. Lakini jioni nilitembea hadi Kibera nikiwa nimefura. Pale kwetu, kwenye bomba, kila mtungi una jina lililopakwa rangi. Mtungi usio na jina hauna mwenyewe, na mtu yeyote anaweza kuondoka nao. Asubuhi nikamuuliza Wekesa, "Naweza kuandika jina langu pale juu kwa faili zangu?" Hakuinua macho. "Si ni komenti tu, Konso. Andika hata ya mchumba."

Basi nikazifungua moja baada ya nyingine. Juu kabisa nikaandika // KONSOLATA. Kisha nikafanya kile ambacho shule niliyoipata ilinifundisha. Mwalimu wetu wa darasa la tano alikuwa na fimbo ya mti wa kahawa na sheria moja: jina juu, ruka mstari, ndipo uanze kazi. Aliyebananisha jina na kazi alichapwa vidoleni. Mimi sikuwahi kuchapwa kwa hilo. Nikaruka mstari. Chini ya jina langu nikaacha nafasi, halafu zile laini mbili za Wekesa zikafuata kama zilivyokuwa, // ENDESHA, // TARAJIA ZIMA. Nilifanya hivyo zaidi ya mara mia mbili, siku mbili nzima, na chakula kikaungua siku zote mbili. Jina langu lilikuwa na hewa. Lilipendeza.

Wiki hiyo Mwalimu akaanza kumaliza kazi upesi. Zamani ukimwanzisha, ungebandika maji jikoni, yachemke, utie majani, umimine, ndipo amalize. Sasa sikuwa nimemaliza hata kusuuza vikombe. "Ni ile memori niliongeza kwa mashine," Wekesa akasema, akijivuta kola. "Kijana, wewe ni moto," Injinia akamwambia. Na yote yalikuwa kijani, kutoka juu hadi chini. Tulisimama watatu mbele ya kioo tukitazama. Nikiwaza sasa, najiuliza watu watatu wenye macho sita tulitazama nini. Kazi ambayo kawaida inachukua muda wa chai inaisha ghafla kabla ya kikombe kukauka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni kazi gani imeacha kufanywa! Mimi niliyekulia kwenye foleni, ninayejua kwamba foleni ikienda haraka sana basi huko mbele kuna kitu. Hata mimi sikuuliza. Nilisema tuko tayari, tena nikaenda mwenyewe kwa mwenye bomba la nyuma ya nyumba yetu pale Sarang'ombe nikamwambia akubali kisanduku cha kwanza. Alikubali kwa sababu ya neno langu.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na mabati, nami niliishi humo na Roselyne. Yeye alikuwa msusi. Alikuwa na mdomo mkali na vidole vyepesi, na tuliitana nyaminwa, yaani dada, ingawa hatukuwa na mama mmoja. Siku ya kufunga kisanduku alitoka na kitana kichwani akakikagua.

"Nyaminwa, hii kitu inajua kusoma?"

"Kukushinda wewe."

"Basi iambie iniletee mtungi ndani. Mgongo unaniuma."

Majirani wakacheka. Nami nilicheka kuliko wote.

Jumamosi ya pili baada ya hapo stima ilipotea Kibera tangu alfajiri. Majirani wengi ni watu wa Sabato, walikuwa wameenda kanisani, njia zimenyamaza. Roselyne alikuwa amekaa chini ndani ya nyumba, mgongo kwenye ukuta wa nyuma, akichagua mchele. Hayo aliniambia mwenyewe baadaye. Mimi nilikuwa Kawangware. Injinia alikuwa ametuma mutura, na tulikuwa tunabishana nani anapewa kipande cha mwisho, wakati simu yake ililia. Alisikiliza. Alikuwa mtu wa kuongea na simu huku akitafuna, lakini nilimwona akitoa nyama mdomoni na kuishika mkononi. "Konso," akasema, "nyumba yenu si ndiyo iko nyuma ya hiyo bomba?"

Sikumbuki njia. Nakumbuka kufika. Stima ilikuwa imerudi saa nne, tanki likiwa limejaa pomoni, na pampu ikawaka. Maji yakafurika, yakashuka kwenye nguzo za tanki, yakakaa kwenye mguu wa ukuta wetu saa mbili nzima, na nje hakukuwa na mtu wa kupiga kelele; Roselyne alisikia pampu akadhani inafanya kazi yake. Udongo ulinyonya hadi ukashindwa. Ukuta wote wa nyuma ulikuwa umelala ndani ya nyumba. Ukisimama njiani uliona kitanda chetu, uliona shuka langu la maua, uliona sufuria zetu kwenye rafu ya upande wa pili, zimepangwa vilevile nilivyoziacha asubuhi, hata moja haijasogea. Kitu hicho kilinishtua kuliko matope. Wanaume wanne walikuwa wamembeba Roselyne juu ya mlango uliong'olewa. Mchele ulikuwa umemganda kwenye nywele. Alinitazama akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za kawaida, "Nyaminwa, mbona hainyamazi?" Ndipo nikasikia. Pampu ilikuwa bado inanguruma. Watu wote wale, na hakuna aliyethubutu kuigusa, kwa sababu niliwaambia inajua yenyewe. Mimi ndiye niliyekwenda nikang'oa waya.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Jumatatu nilirudi kazini kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Wekesa alikuwa amekwisha kuona kosa lake. Wiki tatu kabla ya hapo alibadilisha mahali fulani ndani ya kompaila, na tangu siku hiyo kisanduku kikipata stima upya kiliwasha kwanza ndipo kikaangalia floti. Aliyasema hayo kwa Injinia amesimama, mikono nyuma, kama mtoto ofisini kwa mkuu wa shule.

"Lakini hiyo ndiyo ile Konso aliuliza!" Injinia akafoka. "Mbele yangu! Na mwiko mkononi! Si kulikuwa na jaribio?"

"Iko. Ilipita. Angalia, kijani."

"Usinionyeshe kijani. Huko Kibera wanauliza jina ya mtu aliandika hii kitu. Nimewaambia ni wewe. Ikifika jioni uwe umechukua vitu zako."

Injinia akatoka. Wekesa hakukusanya vitu. Alikaa akafungua faili ya arobaini na moja, nami nikasimama nyuma yake na kikombe cha chai ambacho hakukichukua. Aliiendesha kwa mkono, peke yake, bila Mwalimu. Pampu ya kuigiza ikawaka, ikabaki imewaka. Akaipa Mwalimu. Kijani. Akarudia. Kijani. "Hii kitu inanidanganya," akasema. Kisha, nadhani bila kufikiri, kama mtu anavyookota uzi kwenye nguo ya mwenzake, aliweka alama ya kuandikia chini ya jina langu akabonyeza kufuta. Ule mstari mtupu ukatoweka. // ENDESHA ikapanda ikagusa // KONSOLATA. Akampa Mwalimu.

Nyekundu.

Akairudisha nafasi. Kijani. Akaitoa. Nyekundu. Alifanya hivyo mara tatu, na mara ya tatu nilishaelewa. Nikaiweka chai chini.

"Inasoma kutoka juu," Wekesa akasema kwa sauti ndogo. "Ikikuta laini haina mikwaju, inajua maagizo yameisha. Hata kama ni laini tupu. Ilisoma jina yako, ikakuta nafasi, ikasimama hapo."

"Na zile laini mbili?"

"Haikuzifikia, Konso."

"Kwa hii faili."

"Kwa zote."

Zote. Mia mbili na zaidi. Niliketi juu ya mtungi wa mafuta taa. Nilikuwa nimekaa wiki tano nikitazama jina langu kwenye kijani, na kile kijani kilikuwa kinasema tu kwamba maandishi yanasomeka. Hakuna pampu iliyowashwa humo ndani. Hakuna tanki lililojaa. Nilikuwa nimeandika maswali yote niliyoyajua duniani, halafu kwa mkono wangu nikamziba Mwalimu macho, na nikaona imependeza.

Wekesa aligeuza kiti. "Usiseme kitu," akaniambia. "Kosa ya kompaila ni yangu. Mwalimu pia niliandika mimi, na sikukuambia anasomaje. Mimi niko na cheti, nitapata kazi. Wewe ukitoka hapa utaenda wapi?" Nami nilinyamaza. Lichukueni hivyo hivyo nilivyosema: nilinyamaza. Niliinuka nikawasha jiko langu, nikapika.

Saa saba Injinia akaja kula. Wekesa alikuwa anafunga vitabu vyake kwa kamba pale kona. Injinia akachota ugali, akaukanda, akasema huku ananitazama kwa huruma, "Afadhali Konso. Hajasoma, lakini ana akili. Aliona hii kitu mapema. Huyu mwingine amesoma mpaka akajipeleka shimoni." Mwaka mzima nilikuwa nimengoja neno hilo. Nililitaka kuliko mshahara. Lilipofika, nilirudisha tonge kwenye sahani, maana nilijua kwamba nikilimeza neno hilo nitakuwa nimekula na mguu wa Roselyne.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?"

"Majaribio hayakufanya kazi. Mimi ndiye niliyaharibu. Niliandika jina langu juu, nikaruka mstari."

Injinia akamtazama Wekesa, akanitazama mimi. "Rudia." Nikarudia. Wekesa akasema, "Injinia, hakujua," naye akamnyamazisha kwa kiganja chenye ugali.

"Kwa sababu gani uliandika jina?"

"Nilitaka lionekane."

Alitoka nje. Tulimwona kupitia mlangoni amesimama kati ya kamba za nguo, shuka la mpangaji likimpiga usoni, wala hakulisogeza. Nadhani alikuwa anakumbuka trei ya chai. Aliporudi hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. "Wekesa, fungua hivyo vitabu. Nyinyi wawili, toeni hizo nafasi zote. Nataka kuona nilifunga nini kwa watu."

Tulizitoa mchana kutwa, mimi kompyuta moja, yeye nyingine. Kisha Wekesa akamwanzisha Mwalimu. Alienda polepole, kama zamani. Nilibandika maji, yakachemka, nikatia majani, nikamimina, chai ikapoa na tabaka la juu likaganda, na bado anasoma. Nyekundu ya kwanza ilitoka. Ikafuata ya pili. Injinia alikuwa anasema "Ngai", yaani Mungu wangu, kila moja ikitoka, kisha akaacha kusema. Zilikuwa faili kumi na tisa, moja yao ile ya ukuta wetu. Kuta nyingine kumi na nane zilizokuwa zinangoja maji yao. Asubuhi iliyofuata yeye na Wekesa walienda Sarang'ombe kung'oa kile kisanduku, na Wekesa hakufukuzwa tena. Kuhusu mimi, Injinia alisema maneno haya tu: "Rafiki yako utamwambia wewe. Mimi siwezi kukusemea."

Nilimwambia Roselyne hospitalini, saa za kuona wagonjwa, watu wamejaa wodini na vikapu vya uji. Nilieleza vibaya, nikaanza tena. Mwisho nilisema hivi: kule shuleni si tulifundishwa jina juu, ruka mstari? Akasema ndiyo. Basi nilifanya hivyo, na ile mashine ilipofika kwenye nafasi ikadhani nimemaliza, haikuangalia tena. Roselyne alitazama dari. Mgonjwa wa jirani alikuwa anasimulia habari za ng'ombe.

"Kwa hivyo," akasema, "ni jina lako lililoniangukia."

Nikamnyooshea shuka.

"Nipe maji," akasema. Nikampa. Alikunywa, akanirudishia kikombe, akageuza uso. Tangu hapo hakuniongelesha. Nilipata chumba kingine, cha mabati matupu, nikamhamishia huko, nikamwogesha, nikampikia, nikambeba hadi chooni, na miezi inaenda bila neno moja. Alizungumza na wateja waliokuja kusukwa, alicheka nao, mimi nikipita kama upepo. Hadi jioni moja, mwaka unaisha, alionja samaki akasema, "Nyaminwa, umezidisha chumvi." Nilitoka nje nikalia nyuma ya mabati, kwa furaha au kwa hofu sijui. Alitembea kwa fimbo maisha yake yote yaliyobaki. Hatukulitaja tena jambo lile. Kila kitu ninachojua kuhusu kazi nilikipata mwaka huo, na karakana zangu hazina jina langu mlangoni. Watu hudhani ni unyenyekevu.

Sasa nirudi kwenye viti vya kukodi. Wekesa alitoa simu yake akaipanguza kioo kwa shati. Yeye leo ni mkubwa mahali fulani, ana vijana thelathini chini yake. Lugha ya Injinia ilikwisha zamani, lakini Wekesa aliendelea na ile programu ya Mwalimu, alisema, akiiandika upya kila alikokwenda. "Wiki ile ile niliongeza kitu," akasema. "Faili ikikosa maagizo, hakuna tiki. Inaanguka. Na inaandika kwa nini." Akanisogezea simu. Miwani yangu ilikuwa ndani ya mkoba, nikaivaa. Kulikuwa na mstari mwekundu, na mwanzo wake, kwa herufi kubwa: KONSOLATA: faili hii haijasema inataka nini.

Nilisoma mara mbili. Nikavua miwani, nikaipanguza, nikasoma tena.

"Hao vijana wako wanaona hii?"

"Kila siku. Wakikosea wanasema, nimepata Konsolata. Mmoja aliniuliza kama ni jina la ugonjwa."

"Zaidi ya miaka ishirini umeniandika hivyo?"

"Mathe, ulitaka lionekane."

Nikamrudishia simu yake. Niliuliza kitu kimoja tu. "Rose alijua?"

"Nilimwonyesha mwaka juzi nikija kumsalimia. Alicheka mpaka akashika nyonga. Akaniambia nisikuonyeshe akiwa hai, utamzidishia tena chumvi."

Basi likapiga honi kule barabarani. Watu wakaanza kuinuka, kukunja viti, kuita watoto. Wekesa bado alikuwa ameshika simu, na niliona ana wasiwasi, kijana yule yule wa shati moja. "Nilitoe hilo jina?" akaniuliza. "Sema tu, leo hii nalitoa."

Nilimpa mkono aniinue, maana magoti yangu hayaniheshimu tena.

"Liache hapo," nikamwambia. "Lakini angalia sana kusiwe na nafasi chini yake."